Vinundu vya Mstari wa Jikoni

Kijana, usiushike mharage shingoni ukauvuta. Hilo ndilo la kwanza, na hata ukiishia hapo ukaenda zako, utakuwa umefaidika. Ukiuvuta unatoka na mizizi mitupu kama mkia wa panya, na ulichokuja kukitafuta kinabaki ardhini kinakucheka. Chomeka jembe mbali kidogo na shina, inua bonge zima la udongo, litumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha kaa chini utulie. Udongo ukishajilegeza wenyewe ndipo utaviona vinundu, vimeshikana na mizizi kama shanga za kiunoni kwa mtoto. Vingine ni vidogo kama mtama, vingine vimefika punje ya pilipili manga. Humo ndani wanaishi bakteria wanaoichukua hewani ile mbolea ambayo sisi tunainunua dukani kwenye mifuko, na mharage nao unawalisha sukari. Wamepatana vizuri hao.

Mimi nimechimba vinundu vingi kuliko mtu yeyote katika Usambara nzima. Anayebisha na aje Irente. Nyumba yangu haijifichi, ni ile ya bati jekundu juu ya barabara, niliyoisimamisha kwa mikono hii na kwa akili ya darasa la saba. Niliingia kituo cha utafiti nikiwa kibarua wa kufyeka majani, nikatoka nikiwa mtu ambaye madaktari wa sayansi walikuwa wanamsubiri arudi kutoka likizo ndipo waanze kazi. Mwaka huu nimestaafu kwa hiari kwa sababu magoti yamegoma kupanda makorongo. Mkuu wa kituo akaniomba niwaandikie maneno machache ninyi mnaoanza maabara. Maneno machache mimi siyawezi. Nitawaeleza jinsi bakteria wa vinundu wanavyotambuliwa siku hizi, na hilo siwezi kulieleza bila kumtaja mama yangu na kapu lake.

Mama aliishi upande wa Rangwi, kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa adabu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Siku moja ya mvua aliteleza shambani akavunjika mkono, akalala kwenye matope mpaka jirani alipopita na kumkuta. Mkono ulipounga nikaenda kumchukua.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Najua ulichofuata. Siendi.”

“Mama, kwangu maji yapo uani. Wajukuu wako—”

“Wajukuu wana miguu, waje. Na maharage yangu yatakaa na nani?”

“Shamba lipo hata kule.”

“Lipo. Lina udongo wa watu wengine.”

Hapo inabidi mwelewe. Kwenye kitongoji chetu, mwanamke akihamia shamba jipya habebi mbegu ya maharage tu. Anachota na udongo wa pale mbegu ilipozaliwa, na siku ya kupanda anatia punje shimoni, kisha anaifuatishia udongo kidogo. Mama aliolewa na udongo wa mama yake kwenye kibuyu. Alikuwa akisema maharage yakipelekwa ugenini peke yake yanasononeka, yanakuwa ya njano. Nilipokuwa mdogo niliona ni mambo ya wazee tu.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, “Nitakuja msimu mmoja. Maharage yangu yakikubali, nitakaa. Yakikataa, unanirudisha hapa, na hutanifuata tena mpaka siku ya kunizika.”

Nikakubali, maana nilikuwa namwona amelala kwenye yale matope kila nikifumba macho. Alikuja na ndoo ya udongo, mfuko wa mbegu, na kapu la ukindu lenye nguo zake na rozari, limefungwa kwa kamba. Mke wangu alimwonyesha kabati. Mama akashukuru, akalitundika kapu kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi alilifungua, akatoa kitenge cha siku hiyo, akalifunga tena. Mtu aliyelala nyumba ya wageni ndivyo anavyofanya.

Sasa niwatajie aliyenifundisha kazi, msije mkadhani nilizaliwa nayo, ingawa wapo wanaodhani. Alikuwa Bwana Athumani, fundi mkuu wa maabara, mtu wa Muheza, ambaye hakuwahi kuisamehe Lushoto kwa baridi yake. Alivaa sweta mbili, juu yake koti, na juu ya koti lile koti jeupe la maabara, mpaka akawa hawezi kukunja mikono vizuri. Lakini vidole vyake, jamani! Alikuwa anaweza kukishika kinundu kwa koleo ndogo bila kukibonyeza.

“Kikate kwenye mzizi, ukiachie kipande cha mzizi huku na huku,” alinifundisha. “Hapo ndipo pa kushikia. Ukikishika chenyewe unakipasua. Haya, kioshe.”

“Nimeshakiosha, Bwana Athumani.”

“Umekiloweka. Kukiosha bado.”

Kukiosha kwake kulikuwa hivi: spiriti kidogo tu, halafu klorini, halafu maji yaliyochemshwa kwenye jiko la mvuke, unabadilisha na kubadilisha mpaka harufu ya klorini iishe kabisa. Nikamuuliza kwa nini tunakitesa hivyo. Akasema, “Nje ya kinundu kuna kila aina ya mdudu. Mimi namtaka mwenye nyumba, usiniletee wapita njia.” Kisha unakiponda, unachovya kitanzi cha waya kilichopita motoni, unachora juu ya sahani yenye agari, ule uji mgumu wanaokulia bakteria, halafu unangoja.

Na kabla ya yote, chukua kimoja ukipasue kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, aliyemo anakula bila kulima. Mkiwa mbali na maabara, vitieni kwenye vile vichupa vyenye chembe za bluu za kukaushia, na pamba juu yake. Chembe zikigeuka waridi zimeshashiba unyevu, badilisheni. Nimewaona watu na shahada zao wakirudi safari na vichupa vya supu. Siwataji.

Enzi za Bwana Athumani, ukiuliza huyu bakteria ni nani, jibu la kwanza lilikuwa: tumemkuta kwenye mmea gani? Wa maharage alikuwa na jina lake, wa njegere lake, wa soya lake. Halafu unatazama anavyoota. Wapo wa haraka, siku chache tu sahani imejaa utelezi, na ukiwa umetia rangi ya kupimia inageuka njano. Wapo wa polepole, unangoja wiki na zaidi, na rangi inakwenda kwenye bluu. Hayo bado mnayahitaji. Msiyadharau kwa sababu mna mashine.

Lakini majina yale yalikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe niliielewa kwa sababu ya koti. Huku kwetu kuna baridi na kuna mitumba, kwa hiyo makoti yanazunguka. Siku moja ya gulio niliona kwa nyuma koti la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko, koti la shemeji yangu kabisa, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameniambia anaumwa, hawezi kuja kunisaidia kubeba mawe. Nikamwendea, nikampiga kibao cha mgongoni. “We shemeji, ndiyo ugonjwa huu?” Akageuka katekista mmoja wa parokia jirani, mtu mzima wa heshima zake. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama mpaka karibu na nyanya zilizokuwa kwenye kikapu chake. Shemeji alikuwa amemuuzia lile koti wiki iliyopita, na kweli alikuwa kitandani.

Niliisimulia maabara. Dokta Zuhura, mtafiti wetu kutoka Tanga, msichana mdogo tu wakati huo lakini kichwa kimetulia, alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, “Baba Neema, ndilo kosa la majina ya zamani hilo. Tuliwatambua bakteria kwa koti.”

Akanieleza taratibu. Jeni zinazomwezesha bakteria kubisha hodi kwenye mzizi wa mharage na kufunguliwa, mara nyingi zimekaa kwenye kipande cha vinasaba ambacho bakteria wanaweza kupeana. Anayekuwa nacho anaingia kwenye mharage, awe wa ukoo gani. Kwa hiyo unaweza kuwakuta wawili kwenye mharage mmoja, makoti sawa, na wala si ndugu. Ukitaka kumjua mwenyewe inabidi usome zile jeni za kazi zake za kila siku, za kumlisha na kumkuza, ambazo hawaazimani ovyo. Walianza kwa kusoma jeni moja ambayo kila bakteria anayo, lakini hiyo inakupa ukoo tu, haikupi mtu. Ni kama kusikia jina la ukoo Lushoto hapa, utajua wanakotoka, lakini wako wengi. Wakasoma jeni kadhaa kwa pamoja. Siku hizi wanasoma vinasaba vyote mwanzo hadi mwisho, wanavilinganisha na vya mwingine, ndipo wanasema hawa ni aina moja au siyo.

Na kuna njia ya haraka, ambayo mtaifanya sana. Mashine inazidisha vipande fulani vya vinasaba, unavipitisha kwenye jeli kwa umeme, vinajipanga kama vipandio vya ngazi. Bakteria wa uzao mmoja wana ngazi moja. Wengine, ngazi nyingine. Ni alama za vidole hizo.

Sasa turudi kwenye ndoo ya Mama.

Mke wangu, Mama Neema, ni mtu wa vitalu. Miche yake ya kabichi na nyanya inagombewa. Nanyi mnajua watu wa vitalu wa huku walivyo na udongo: hawauamini mpaka uone moto. Wanauchoma ili wafe funza wanaokata miche na mbegu za magugu. Jioni moja narudi kazini, naona moshi uani. Udongo wa Rangwi uko juu ya bati, moto chini, na mke wangu anaugeuza kwa mwiko kama anayekaanga karanga.

“Nimeona funza kwenye ndoo ya Mama,” akaniambia, uso unang'aa. “Nimemsafishia.”

Nilibaki nimesimama na mkoba wangu. Kila siku ya Mungu kazini nilikuwa napitisha kitanzi motoni kuua bakteria, kwa hiyo nilielewa palepale bati lile lilikuwa limefanya nini. Nilipomweleza, mwiko ukamtoka mkononi. Mama alikuwa chumbani amepumzika. Barabara ya Rangwi ilikuwa imekatwa na maporomoko, udongo mwingine haukuwezekana, na mvua za kupandia zilikuwa zimefika.

“Nitamwambia nini?” mke wangu akanong'ona.

“Leo usimwambie kitu.”

Tukapanda. Mama mwenyewe alitaka awe na mstari wake mmoja, nyuma ya jiko, apande kwa kupapasa bila mtu kumsumbua. Tukamwachia.

Wiki zikapita. Mama alikuwa akitembea shambani akishika majani kwa vidole. Asubuhi moja akaniita.

“Rangi gani?”

“Kijani, Mama.”

“Kijani gani?”

“Cha kupauka.”

“Sema njano, mwanangu. Neno si zito hivyo.” Akageuka, akaingia ndani. Nikasikia kapu linateremshwa, nikasikia kamba ikivutwa.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji ya vyombo, na kutoka kule akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mstari wa jikoni ulikuwa kijani kibichi, kile kizito, majani mapana kama viganja.

Kesho yake nilimleta Dokta Zuhura. Nilikuwa nimeshaamua kwamba bakteria wetu wa Rangwi wamefika. Dokta akautazama mstari, akawatazama kuku, akalitazama shimo la majivu.

“Baba Neema, hapa pana majivu, maji ya vyombo na kinyesi cha kuku. Hata fimbo ingechipua. Usishangilie bado.”

“Dokta, mama yangu anaondoka.”

“Ndiyo maana nataka tujue kweli, tusije tukambembeleza kwa uongo.”

Mama akakubali kungoja majibu, maana msimu ulikuwa haujaisha. Bahati ilikuwa kwamba shamba la Mama kule Rangwi lilikuwa kwenye utafiti wetu wa mwaka uliotangulia. Nililichimba mimi, na bakteria wake walikuwa kwenye friza. Nikachimba mstari wa jikoni, nikachimba na shambani kwangu. Vya jikoni, ukipasua, vingi vyekundu. Vya shambani, vichache, na nusu yake vyeupe. Nikaviosha kwa kanuni za Bwana Athumani, nikawaotesha. Wote wakaota haraka, wote wakawa na utelezi, wote wakageuza rangi kuwa njano. Ukiwapanga mezani huwatenganishi.

Nikamwambia Dokta mimi nawatenganisha. Nawajua wa kwetu kwa jicho. Akafunika majina ya sahani kwa karatasi, akasema nichague. Nikachagua za shambani. Taa ya siku ile ilikuwa mbaya, na mpaka leo nasema ilikuwa mbaya.

Zikaja ngazi. Dokta aliiweka jeli juu ya taa, akaniita nitazame mwenyewe. Wa Rangwi walikuwa na ngazi yao. Wa shambani walikuwa na nyingine, mbali kabisa. Na wa jikoni, karibu wote, vipandio vyao vilikuwa mahali pale pale pa wa Rangwi, kimoja kwa kimoja. Baadaye wachache walisomwa vinasaba vyote, na majibu yakarudi hivyohivyo: wa jikoni na wa Rangwi kitu kimoja, wa shambani aina nyingine, ingawa koti la kuingilia kwenye mharage wote walikuwa nalo.

“Kijani chake sikuapii, majivu nayo yapo,” Dokta akasema. “Lakini waliomo ndani ya vile vinundu ni wa kwa mama yako. Hilo naapa.”

Ningeomba mnione nilivyopanda mlima siku ile. Magoti yalikuwa bado yananitii.

Mama alikuwa amekaa jikoni karibu na chungu cha makande kilichokuwa motoni, mke wangu anachambua mahindi kwenye ungo. Nikaeleza yote, ngazi na makoti na friza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu.

“Ni hawa hawa? Si wanaofanana nao?”

“Ni hawa hawa, Mama.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Mimi sasa ndipo nikashangaa. “Lakini wamefikaje? Udongo wote ulikuwa...” Nikakatisha. Mke wangu ameinamisha kichwa kwenye ungo.

“Ulikuwa umekaangwa,” Mama akamalizia. “Nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa. Harufu ya udongo wa kwetu niisikie motoni nisiijue? Mwingine nilikuwa nimeufunga kwenye ncha ya kitenge tangu Rangwi. Ndio nilioutia jikoni.”

“Mama!” Mke wangu alishaanza kulia. “Ulijua, na siku zote hizi hukuniambia?”

“Ungenipa pole mpaka Krismasi.” Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata goti lake. “Mama Neema, nisikilize. Mimi nilipoolewa, niliona siafu kwenye kibuyu cha mama yangu, nikaumwagia udongo maji yanayochemka. Mama mkwe akaona. Hakunigombeza. Alinishika mkono, tukarudi kwetu wote wawili kwa miguu, tukachota mwingine, na njiani akaniimbia. Mimi miguu yangu haifiki tena Rangwi, ndiyo maana nilinyamaza tu.”

Mke wangu akacheka na kulia pamoja, na yale makande yakaungua kidogo. Tuliyala hivyohivyo.

Maharage ya jikoni yalipokauka, Mama alisimamia uvunaji. Hakutaka mtu ang'oe. Tulikata mashina kwa kisu, mizizi ikabaki na vinundu vyake, na udongo wa mstari ule mke wangu akauchota mwenyewe kwa viganja, mbichi, akaupeleka shambani kwenye mistari ya msimu uliofuata. Ndoo haikusogea karibu na moto. Vijana, mkimkuta mkulima anafanya jambo ambalo hamlielewi, chukueni sampuli kwanza, swali mtauliza mkiwa mnachimba.

Siku ile ya kuvuna maganda yalikuwa mengi kuliko tulivyotegemea, yakajaza beseni, yakajaza sinia. Mke wangu akawa anazunguka kutafuta chombo.

“Si kuna kapu nyuma ya mlango,” Mama akasema.

“Lina nguo zako, Mama.”

“Zitoe. Si ulinionyesha kabati?”

Mke wangu akaliteremsha kapu. Akahangaika na lile fundo, akatia kucha, akatia meno. Mama aliipenda kamba ile, aliisokota mwenyewe, na kila asubuhi alikuwa akiifungua kwa subira. Mke wangu akaogopa kuiharibu.

“Mama, halifunguki.”

Mama akapapasa kando yake, akakishika kile kisu cha kuvunia, akamgeuzia mpini.

“Kata.”